Viti Viwili kwa Kila Ikama

Kila Jumanne saa nne asubuhi nilikuwa nathibitisha kwamba mimi ni binadamu. Nilithibitisha mara hamsini, mara nyingine sitini, kabla adhuhuri haijaadhiniwa, na hakuna aliyeniambia hata pole na kazi.

Kazi yenyewe haikuwa yangu. Mkataba niliotia kidole Nairobi mwaka 2013 ulisema kazi za nyumbani: kupika, kufua, kusafisha, kulea watoto. Nyumba ilikuwa Al-Naseem, mashariki ya Riyadh, ghorofa mbili na watoto watano. Kwa miaka minne nilifanya hayo na mengine ambayo hayakuandikwa, nikanyamaza. Kisha mwaka 2017 serikali ikatangaza msamaha: wageni wote wasio na vibali warudi kwao bila faini na bila jela. Maelfu walitoka mafichoni kutafuta ndege. Wengine waliona hapo huruma. Madam Munira, bosi wangu, aliona biashara.

Alikuwa na duka la simu Al-Sulimaniyah, na nyuma ya duka kulikuwa na chumba kisicho na dirisha. Humo ndimo alimotuweka wanawake sita, wote Wakenya, wote wafanyakazi wa nyumbani: mimi, Rosebellah wa Bumala aliyefanya kazi kwa dada yake madam, na wengine wanne aliowaazima kwa ndugu na majirani kama watu wanavyoazimana sufuria za harusi. Tulikaa kwenye meza ya plastiki, kila mmoja na simu mbele yake. Mkuu wetu alikuwa Gilbert.

Gilbert naye ni Mkenya, kijana wa Kitale, ana digrii ya kompyuta na miwani ya bei. Alikuja kwa mkataba wa maana, si wa ndoo na fagio. Siku ya kwanza alitusalimia kwa Kiswahili na mimi nikafurahi, nikasema moyoni afadhali kuna mtu wetu hapa. Hata nilimwekea jina kwenye simu yangu, Gilbert Kitale, ili nikipata shida nimpigie. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami sikukumbuka kukung'uta nguo.

Nieleze kazi yenyewe ilivyokuwa. Kulikuwa na mtandao wa kuuza tiketi, ukiitwa Rihlati, ambao uliweka viti vya bei nafuu kwa ajili ya watu wa msamaha. Viti vipya vilifunguliwa kila Jumanne saa nne. Wiki ya kwanza viliisha ndani ya dakika mbili, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa na programu za kompyuta zinazonunua viti mia kabla mtu hajamaliza kuandika jina lake. Watu wakalalamika, na Rihlati wakaweka masharti. Kila ikama, yaani kile kibali cha ukaazi, viti viwili tu kwa mwezi. Ni marufuku programu kununua, na atakayekamatwa atafungiwa na kupelekwa mbele ya sheria. Na ili kuhakikisha, kabla ya kulipa unaletewa picha tisa na kuambiwa uchague zote zenye basi, au zote zenye taa za barabarani. Binadamu anaona basi. Programu haioni.

"Sheria inasema programu isinunue," Gilbert alituambia siku hiyo ya kwanza, akitabasamu. "Haijasema programu isijaze form. Sasa programu yangu inajaza kila kitu, ikifika kwa picha inasimama, picha zinakuja kwa simu zenu. Nyinyi mnabonyeza, inaendelea. So anayenunua ni mtu. Tuko sawa kabisa."

"Na sisi tunapata nini?" Rosebellah aliuliza.

"Mnapata kutoka nje ya nyumba, siz. Si ni poa?"

Tulibonyeza. Mabasi, ngazi, madaraja, pikipiki. Kiti kimoja kilidai picha nyingi, na mara nyingi wengine walituwahi tukaanza upya. Kuna picha moja ilitusumbua sana, ya bomba fupi la wazima-moto linalosimama kando ya barabara huko Marekani. Rosebellah alidhani ni mtoto aliyevaa nyekundu. Hakuna kitu kama hicho Bumala, wala Vihiga kwetu, na wiki hiyo tulikosea mpaka Gilbert akalichora kwenye boksi la simu na kulibandika ukutani. Tangu hapo hatukukosea tena. Tulikuwa wepesi kuliko yeye.

Kitu ambacho hatukukijua ni kile kilichojazwa kabla ya picha kufika. Skrini zetu zilionyesha picha tu. Simu zenyewe hazikuwa zetu, au ndivyo tulivyodhani: kila moja ilikuwa na kikaratasi cha jina mgongoni, na tukimaliza Gilbert alizifungia kwenye droo. Mwezi wa Machi madam alikuwa ametupeleka mmoja mmoja kusajili laini kwa alama ya kidole. Alisema ni laini za kazi. Ikama zetu anazo yeye, kama kawaida ya makafili wengi, yaani waajiri wanaotudhamini. Mtu mwenye ikama yako na kidole chako amebakiza nini cha kukuchukulia? Lakini sikuliwaza hilo wakati ule. Nilikuwa na wazo moja tu kichwani, nalo lilikuwa mdogo wangu.

Selipher ni kitinda mimba wetu. Alinifuata Saudia mwaka 2015 kwa sababu mimi nilimwambia si kubaya, na neno hilo nitalijutia mpaka kaburini. Alipelekwa Jeddah, kwenye nyumba ambayo walimpa chakula mara moja kwa siku na kumsugulisha ngazi za marumaru kwa dawa kali bila glavu, mpaka ngozi ya viganja ikabanduka. Mshahara aliuona miezi mitatu ya kwanza. Asubuhi moja alitoka na mfuko wa taka mkononi, akafika penye pipa, akalipita, akaendelea kutembea. Hakuwa na viatu vya nje. Wakamwandikia kwamba ametoroka, na tangu siku hiyo akawa mtu asiye na karatasi, akilala Kandara, mtaa wa humo humo Jeddah, karibu na kituo cha zamani cha mabasi, wanawake kumi na mmoja chumba kimoja, juu ya duka la masanduku ya safari.

Msamaha ulipotangazwa alikwenda akapanga foleni siku nne, akapata karatasi ya kutoka. Karatasi hiyo ilikuwa na mwisho: tarehe kumi na nane Mei. Akiwa bado yuko nchini siku inayofuata, msamaha hauko tena, ni jela na kuchukuliwa alama ili asirudi. Alihitaji kiti kabla ya siku hiyo. Peke yake hakuweza kukinunua, maana Rihlati walitaka ikama iliyo hai, na yake ilikufa mikononi mwa kafili wake. Ndiyo maana kila ikama ilipewa viti viwili: mwenye kibali amnunulie ndugu asiye nacho. Sharti hilo liliwekwa kwa ajili ya watu kama mimi na Selipher, hasa hasa sisi.

Tarehe mbili Mei, Jumanne, nilikwenda Al-Sulimaniyah na riyali mia nane nilizoziweka kwenye kadi yangu. Nilimwambia Gilbert kabla hatujaanza.

"Leo nataka kumnunulia mdogo wangu kiti. Jeddah, Nairobi. Nipe dakika tano mwanzoni."

"Ngoja tumalize za madam kwanza," alisema. "Viti viko mob, tele tu, usijali."

Nikangoja. Nikabonyeza taa za barabarani na mabomba ya wazima-moto kwa dakika kumi nzima, kwa bidii, nimalize haraka nipate nafasi yangu. Kisha nikatoa simu yangu mwenyewe, nikaandika nambari ya ikama yangu, na mtandao ukanijibu kwa Kiarabu na kwa Kiingereza: ikama hii imeshatimiza viti viwili vya mwezi huu.

Nilirudia mara tatu. Nikampelekea Gilbert aone.

"Hiyo site huwa na mambo," alisema, akiitazama skrini, kisha akanitazama mimi usoni. "Jaribu mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita mdogo wangu atakuwa jela."

"Pole, siz."

Yule mtu alijua. Alinitazama machoni akijua, akaniambia pole, na mimi nikamshukuru. Bado kushukuru kule kunaniuma.

Alhamisi Selipher alinipigia. Nilikuwa jikoni nakatakata bamia.

"Dada, nikuulize kitu na usinikasirikie."

"Uliza."

"Wewe unauza tiketi?"

Nilicheka. Nikamwambia nauza tiketi wapi, mimi ninayeomba ruhusa ya kwenda kununua sabuni.

"Kuna dalali hapa Kandara," alisema taratibu. "Ana kiti cha tarehe kumi na nne. Anataka elfu mbili na mia nne. Nikamwambia anionyeshe kama ni cha ukweli, akafungua simu. Pale kwa msafiri ni wazi. Lakini kuna mahali pameandikwa mnunuzi. Ni jina lako, dada. Zipporah Kadenyi. Nimelinganisha nambari ya ikama na ile uliyonipa wakati ule wa kutumiana pesa. Ni ile ile."

Kisu kilikuwa bado mkononi mwangu. Nilikiweka chini.

"Kama unauza, niambie tu," Selipher alisema. "Sitamwambia mtu nyumbani. Nitakulipa polepole nikifika."

Nilimwapia kwa jina la mama yetu. Sijui kama aliniamini. Alisema sawa dada, kwa ile sauti aliyokuwa akitumia utotoni akipigwa kwa kosa la mwingine. Simu ilipokatika niliketi juu ya gunia la mchele na hasira ikanipanda mpaka masikio yakaziba. Mimi ndiye niliyebonyeza. Kiti cha mdogo wangu nilikinunua kwa kidole changu mwenyewe, nikamkabidhi dalali amuuzie mara tatu ya bei, na nilifanya haraka ili nimalize mapema nikamtafutie kiti.

Nilimpigia Gilbert palepale.

"Umetumia ikama yangu."

"Nani amekuambia?"

"Jina langu liko Kandara kwa simu ya dalali. Umetumia ikama zetu zote sita."

Alishusha pumzi. "Siz, hebu tulia. Kiti si chako. Ni cha madam, pesa ni za madam. Jina tu ndilo lako."

"Jina langu ni kitu kidogo kwako?"

"Mimi naandika code tu. Naambiwa nifanye, nafanya, kama wewe unavyoambiwa upike. Na nikushauri kama ndugu: usiende kusema mahali. Ikiwa ni kosa, aliyenunua ni nani? Angalia jina. Wa kwanza kushikwa ni wewe."

Kama ndugu, alisema. Nikakata simu kabla sijatamka neno ambalo mama alinikataza.

Jioni hiyohiyo, madam aliposhuka jikoni kuonja mchuzi, nilimwambia yote. Sikulia na sikupiga magoti. Nilimwambia mdogo wangu anahitaji kile kiti cha tarehe kumi na nne, na pesa za bei ya Rihlati ninazo, mia nane, nimpe sasa hivi.

"Wewe ulikilipia?" aliniuliza.

"Hapana, madam."

"Basi halas, yamekwisha. Kandara wanalipa elfu mbili na mia nne. Kwa nini nikuuzie wewe mia nane?" Hakuwa hata na hasira. Alionja mchuzi tena. "Ongeza chumvi."

Nikaongeza chumvi.

Jumatatu mambo yakageuka. Rihlati waligundua kwamba ikama sita za wafanyakazi wa nyumbani zilikuwa zikinunua viti sekunde ile ile, mahali pamoja, kwa mwezi wa pili mfululizo. Mwanasheria wao akampigia madam kwamba kesho atafika dukani na anataka kuwaona wenye ikama wote. Kama ni programu inayonunua, duka litashtakiwa. Usiku huo madam hakuonja kitu.

Asubuhi Gilbert alitupanga mstari mle chumbani. Kompyuta yake ilikuwa imeondolewa, na boksi lenye mchoro wa bomba limebanduliwa ukutani. Simu zetu zilikuwa bado kwenye droo.

"Sikilizeni vizuri. Mtasema hivi: nilinunua mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa hiari yangu, kuwasaidia ndugu zangu. Madam alinikopesha pesa tu. Hapa tulikuja kwa sababu kuna internet nzuri. Halafu mnaweka kidole kwa statement. Simple. Zipporah, umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema basi."

"Nilinunua mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa hiari yangu."

Nadhani Gilbert alitarajia nibishe, na kutobisha kwangu kulimtia wasiwasi. Kilichokuwa kimenituliza ni kwamba mimi nilikuwa nimelielewa lile jambo tangu aliposema neno hiari. Usiku kucha nilikuwa nikitafuta jinsi ya kuthibitisha kwamba kiti ni changu, na sasa wenyewe wananiletea karatasi.

Mwanasheria alikuwa mzee wa makamo, kanzu nyeupe imenyooshwa vizuri, na faili jembamba. Alikaa kwenye kiti cha Gilbert, akamkalisha madam upande mmoja, akaanza na Rosebellah. Rosebellah alisema kama alivyofundishwa, akaweka kidole. Mzee aliandika, uso wake ukionyesha kwamba amesikia uongo mwingi maishani na huu si wa kushangaza. Kisha akaniita mimi.

Gilbert alijitolea kutafsiri. Nikamwambia mzee kwa Kiarabu changu cha jikoni kwamba sihitaji mkalimani, nina miaka minne hapa.

"Hivi viti viwili vya mwezi huu, nani alinunua?"

"Mimi mwenyewe. Kwa mkono wangu, kwa hiari yangu."

"Si programu?"

"Si programu, ustadhi. Madam anajua. Mwulize."

Akamgeukia madam. Madam akasema ndiyo, wallahi, hawa ni watu, si mashine, mashine inunue nini? Ni huyu Zipporah, amenunua kwa mkono wake. Mzee akaandika, akasoma kwa sauti alichoandika, madam akatia sahihi, mimi nikatia kidole. Wino ulikuwa wa zambarau. Niliufuta kwenye aproni na nikabaki nimesimama.

"Nina swali, ustadhi. Kama nimenunua mimi, kiti ni cha nani?"

"Cha kwako."

"Nataka kuandika jina la msafiri. Naruhusiwa sasa?"

"Mpaka siku tatu kabla ya safari. Ni mwenye ikama peke yake. Utaletewa nambari kwenye simu uliyosajili."

"Simu yangu iko ndani ya droo hiyo uliyoegemeza mkono. Ufunguo anao Gilbert."

Mzee aliondoa mkono wake kwenye droo, akaitazama, akamtazama madam. "Simu zao mnawafungia?"

Nilimwona madam akihesabu kichwani. Akisema viti ni vyake, amekiri kosa juu ya sahihi ambayo haijakauka. Akisema ni vyangu, vimeondoka. Uso wake ulikuwa mwekundu chini ya poda, na nasema ukweli, nilifurahi. Nilifurahi vibaya, furaha isiyofaa kusimuliwa kanisani.

"Wanaziweka hapo kwa usalama," alisema mwisho. "Gilbert, mpe. Yalla, haraka."

Gilbert alifungua droo. Nilichukua simu yenye jina langu mgongoni, nikaingia Rihlati. Kiti cha kwanza kilikuwa kimeshapata msafiri, Mtanzania mmoja aitwaye Christopher. Sikumgusa. Huyo naye ana kwao, na alikuwa amelipa damu yake. Kiti cha pili, Jeddah kwenda Nairobi, tarehe kumi na nne, mahali pa jina palikuwa bado wazi. Wakaniletea picha tisa kwanza. Nikabonyeza ngazi nne. Nikaandika Selipher Kageha na nambari ya pasipoti, ambayo naijua kwa moyo. Nambari ya siri ikaja, nikaijaza, jina likakaa.

Kisha nikatoa noti nane za mia kutoka kifuani, nilizozitoa kwenye mashine siku ya Jumamosi nikitumwa mkate, nikaziweka mezani mbele ya madam.

"Zile ulizonikopesha kununulia, madam. Shukran."

Akazichukua. Angefanyaje, mzee anamtazama?

"Na mimi simu yangu," alisema Rosebellah nyuma yangu. Hakuwa na ndugu wa kumsafirisha. Alitaka tu simu yenye jina lake. Mmoja mmoja wale wengine nao wakanyoosha mikono, na Gilbert akagawa.

Mzee alichukua maelezo ya wale wengine, akafunga faili lake. Nilimfuata mpaka mlangoni na kumwambia upesi kwamba mikataba yetu ni ya kazi za nyumbani, kwamba kila Jumanne tunaletwa hapa dukani, kwamba ikama zetu tunanyang'anywa. Alinisikiliza. Nadhani hakuwa mtu mbaya.

"Sheria niliyokuja nayo ni ya programu," alisema. "Nimekuta hakuna programu. Hayo mengine ni ya ofisi nyingine."

Ofisi gani, hakusema. Akaingia kwenye gari lake. Wametunga masharti ya kuzuia mashine isimdhulumu mtu, mazuri sana, yameandikwa kwa lugha mbili. Mtu akimdhulumu mtu, hiyo ni ofisi nyingine.

Selipher aliondoka Jeddah tarehe kumi na nne. Kabla hajaingia kwenye ndege alinipigia, akasema nisamehe dada, nilidhani ni wewe. Nikamwambia ilikuwa ni mimi, ndiyo maana ulipata. Hatukucheka. Siku ya pili alinitumia picha ya viganja vyake vikiwa juu ya sahani ya ugali nyumbani Vihiga. Niliitazama muda mrefu pale kwenye sinki.

Madam hakunigombeza. Hakusema neno siku nzima, wala siku iliyofuata, wala wiki. Alinipa chakula, alinipa nguo za kufua, na akaacha kunipeleka Al-Sulimaniyah, maana Rihlati walikuwa wameshafuta ikama zetu zote sita kwenye mauzo. Nikaanza kudhani yamekwisha. Mwisho wa mwezi Rosebellah alinitumia ujumbe: dada Zippy, fungua hii, ukae chini kwanza.

Ilikuwa tangazo kwenye mtandao wa kuuziana vitu. Juu yake kulikuwa na friji iliyotumika miaka miwili, chini yake kulikuwa na sofa za kona. Katikati nilikuwa mimi. Picha ilipigwa Idi ya mwaka uliopita, nikiwa nimeshika sinia la maandazi ya watoto, nikitabasamu, maana Hamad mdogo, mtoto wa madam, alikuwa ameniambia nitabasamu. Maneno yalisema: Mkenya, miaka thelathini na minne, Mkristo, msafi, anajua Kiarabu, anapika, anapenda watoto. Anahamishiwa kafili mwingine. Sababu: hatumhitaji tena. Bei inazungumzika.

Nambari ya kupiga ilikuwa imefichwa. Nilipobonyeza pale palipoandikwa ona nambari, mtandao ulinijibu kwa adabu kwamba kwa sababu za kiusalama, na ili kuzuia programu kukusanya nambari za wateja, tafadhali nithibitishe kwanza kwamba mimi ni binadamu. Zikaja picha tisa. Chagua zote zenye bomba la wazima-moto.

Kwa hiyo hata huku sheria ipo. Mtu anayetaka kuninunua lazima kwanza aonyeshe kwamba yeye si mashine. Niliishika simu kwa mikono miwili. Nikachagua matatu, bila kukosea, na nambari ikafunguka.

Sikuhitaji kuuliza ni ya nani. Nilipoibonyeza ili nipige, simu yangu yenyewe iliandika jina: Gilbert Kitale.

Alipokea kwa Kiarabu, sauti ya dukani, karibu, tafadhali. Hakuwa ameangalia nani anapiga.

"Naulizia huyo Mkenya," nilisema kwa Kiswahili. "Anaitwa nani?"

Nilisikia simu nyingine ikilia nyuma yake.

"Siz, ni madam alini—"

"Sikuulizi madam. Nakuuliza wewe mwenye nambari. Umeandika anapika, umeandika anapenda watoto. Jina hukuandika. Sema jina lake, Gilbert, mteja anataka kujua."

Alikata. Nikapiga tena, akakata. Nikapiga mara ya tatu, ya nne, ya kumi, bamia zikiungua jikoni na madam akiniita kutoka juu, mpaka simu yake ikazimwa. Na hata ilipozimwa niliendelea kupiga, kwa mkono wangu, kwa hiari yangu.